Oda inakaa siku 18, kazi ya shati ni dakika 42: shida iko wapi?

*Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia karakana ya ushonaji hapa Moshi, tuko mafundi 14. Kazi yetu kubwa ni sare za shule, na shati ndilo linalotoka kwa wingi. Bosi alirudi kutoka semina akaniambia niongoze kazi ya kuchora ramani ya mtiririko wa thamani, yaani mchoro wa hatua zote ambazo oda inapitia mpaka imfikie mteja, ili tupunguze upotevu. Nikapakua programu, nikachukua namba za kwenye daftari la uzalishaji, nikachora mwenyewe ofisini. Ramani imependeza, nimeibandika ukutani, lakini hakuna kilichobadilika. Mafundi wananong'ona kwamba tunatafuta wa kupunguza. Oda ya shule bado inachukua siku 18 za kazi tangu mteja aagize mpaka achukue. Namba zangu kwa shati moja: kukata dakika 1, cherehani 26 (wako 7, kila mmoja anashona shati zima), ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke) 3 (wako 2), matundu na vifungo 4 (yuko 1, mashine 1), kukagua na kukata nyuzi 3 (yuko 1), pasi na kufunga 5 (wako 2). Mkataji ni mmoja. Kwa siku tunatoa kama mashati 90, na msimu ukichanganya tunatakiwa tutoe 100. Wiki iliyopita nilihesabu mashati yaliyokatwa na yaliyo njiani, yakafika kama 900. Rundo kubwa liko mbele ya ovaloki, kwa hiyo nimependekeza tununue ovaloki ya tatu. Bosi anasubiri jibu langu. Nifanye nini?*

Pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa minong'ono, maana najua inavyochosha kusimamia watu wanaokuangalia kwa jicho la pembeni. Hongera kwa namba. Wengi huniandikia "kazi inachelewa" bila hata namba moja, wewe umeniletea karibu kila kitu ninachohitaji, na humo humo ndani ya namba zako mna majibu ambayo ramani yako ya ukutani haiyasemi.

Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo mawili kwa mpigo: kama ununue ovaloki, na namna ya kuongoza zoezi ambalo watu wako wameshaliogopa. Niseme la ovaloki mapema ili bosi asije akalipia: usinunue, angalau kwa sasa. Sababu nitaifikia.

Tuanze na hesabu ndogo. Jumlisha dakika zako: 1, 26, 3, 4, 3 na 5. Unapata 42. Huo ndio muda ambao mikono ya mtu iko juu ya shati moja kwa kazi. Sasa siku 18 za saa 8 ni dakika 8,640. Yaani katika muda wote ambao mteja anasubiri, shati lake linafanyiwa kazi kwa muda usiofika hata nusu ya asilimia moja. Kwingine kote limelala: kwenye daftari, kwenye meseji ambayo haijajibiwa, kwenye jora ambalo halijafika, ndani ya kiroba chini ya meza. Usishtuke, wala usidhani karakana yako ni mbovu kuliko za wenzako. Sehemu nyingi ninazotembelea Arusha na Moshi, iwe useremala, iwe uchapaji, hata ofisi zinazoandaa safari za watalii, uwiano huwa wa namna hii hii. Ndiyo maana ramani hii ilibuniwa. Toyota walikuwa wakichora michoro ya namna vifaa na taarifa vinavyosafiri kiwandani muda mrefu kabla dunia haijaipa jina inalotumia leo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ikasambaa kwenye viwanda vya kila aina. Kilichowavutia watu ni kwamba inaonyesha kusubiri, kitu ambacho daftari la uzalishaji haliwezi kukuonyesha, kwa kuwa daftari huandika kilichofanyika tu.

Hapo ndipo dhana ya kwanza ya kusahihisha ilipo. Mafundi wako wanaamini, na pengine bosi naye, kwamba kupunguza upotevu ni kumfanya fundi akimbie. Piga hesabu uone. Tuseme umewabana mafundi wa cherehani mpaka dakika 26 zikawa 22, kitu ambacho kitakugharimu ubora na maneno mengi. Umeokoa dakika 4 kati ya 8,640. Mteja hatajua kama kuna kilichotokea. Taiichi Ohno wa Toyota, ambaye aliorodhesha aina saba za upotevu, aliweka kuzalisha kupita mahitaji mbele ya zingine zote, kwa sababu vitu vilivyozalishwa kabla ya wakati ndivyo vinavyozaa kusubiri, kubeba huku na huko, kutafuta, na kuficha makosa. Katika orodha ile humwoni fundi mvivu. Waambie hivyo watu wako, kwa maneno yako.

Sasa tuje kwenye yale mashati 900. Kuna kanuni rahisi ambayo mtafiti Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: gawanya vitu vilivyo njiani kwa vinavyotoka kwa siku, utapata siku ambazo kitu kimoja kinakaa ndani. 900 kwa 90 ni siku 10. Mteja wako anasubiri siku 18, kwa hiyo siku 8 zinapotea kabla mkasi haujagusa kitambaa. Angalia ulivyopata picha ya karakana nzima bila kumpima mtu hata mmoja kwa saa: siku 8 ofisini na kwenye ununuzi, siku 10 sakafuni, yaani pale kazi inapofanyika. Na kumbuka ramani uliyochora inaanzia kwenye meza ya kukatia. Nusu ya tatizo, au karibu yake, haimo.

Siku hizo 8 nitazikisia, wewe utathibitisha. Mwalimu mkuu anatuma idadi kwa WhatsApp: "ndogo 80, kati 100, kubwa 60." Ndogo ya nani? Karani anapiga simu, haipokelewi, anaacha. Kesho yake anapiga tena. Vipimo vikipatikana, oda inasubiri advansi. Advansi ikiingia, inasubiri bosi arudi aidhinishe kununua kitambaa, na kitambaa kikiagizwa Dar kinasubiri basi. Nembo ya mfukoni inapelekwa kwa mtu wa kudarizi ambaye naye ana foleni yake. Kila mmoja hapo amefanya kazi ya dakika chache na kila mmoja anaamini amewahi. Sehemu hii huwa ndiyo rahisi kuliko zote kuirekebisha, tena bila fedha: karatasi moja ya oda yenye saizi kwa sentimita za kifua na urefu, ambayo shule haiwezi kuijaza nusu, kiwango cha fedha ambacho unaweza kuidhinisha wewe bila kumsubiri bosi, na nembo kupelekwa siku oda inapothibitishwa badala ya siku kitambaa kinapokatwa, kama mdarizi anaweza kufanyia vipande vya mifuko peke yake. Lakini haionekani mpaka uichore, maana haina rundo. Oda iliyokwama kwenye simu haikwazi mtu akipita.

Rundo la ovaloki, kinyume chake, linaonekana sana, na ndiyo maana limekudanganya.

Kwanza tujue kasi ambayo mteja anaihitaji. Chukua muda halisi wa kazi kwa siku: saa 8 baada ya kutoa chakula cha mchana ni dakika 480, toa chai na usafi, tuseme zinabaki 450. Gawanya kwa 100 unazotakiwa kutoa msimu ukichanganya. Unapata dakika 4 na nusu: kila muda huo ukipita, shati moja liwe limetoka mlangoni. Sasa pima kila kituo kwa kipimo hicho. Cherehani, dakika 26 kwa watu 7, ni shati moja kila dakika 3.7, wanatosha, mashati 121 kwa siku. Ovaloki, dakika 3 kwa watu 2, ni dakika moja na nusu. Wanaweza mashati 300 kwa siku! Ukaguzi 150, pasi na kufunga 180. Matundu na vifungo ni mtu mmoja, mashine moja, dakika 4: mashati 112 siku ikienda bila sindano kukatika, bila bobini kuisha, bila umeme kuzima. Wewe unatoa 90. Mashati 90 mara dakika 4 ni dakika 360. Kuna dakika 90 zinazopotea kila siku kwenye mashine ile moja, na hapo ndipo karakana nzima imefungwa.

Utaniuliza, mbona basi rundo liko ovaloki? Kwa sababu mnakata oda nzima kwa pamoja na kuisukuma nzima nzima. Mafundi saba wanaanza pamoja, wanafika ovaloki karibu pamoja, na pale panajaa kwa siku moja au mbili kisha panakauka. Umepapiga picha siku ya mafuriko. Njia ya kutofautisha ni nyepesi na nakuomba uifanye kabla ya jambo lingine: kwa wiki mbili, saa nne asubuhi kila siku, hesabu mashati yaliyo mbele ya kila kituo na uandike. Rundo linalopanda na kushuka limeletwa na ukubwa wa mafungu. Rundo linaloongezeka tu, wiki ikipokea wiki, ndilo la uhaba wa mashine au mtu. Nadhani utaona la kwanza ovaloki na la pili kwenye matundu, japo hili la matundu laweza kujificha, yaani mashati yamerudishwa ndani ya viroba ili yasichafuke na hakuna anayeyaona.

Ukubwa wa mafungu ndio moyo wa suala lako, niruhusu nikae hapo kidogo. Panda Hiace ya Marangu pale stendi uwe abiria wa kwanza: safari ni fupi, lakini utakaa mpaka gari lijae. Shati la kwanza kushonwa katika oda ya 240 linaishi maisha hayo hayo, tena kila kituo. Tuchukue oda hiyo ikiwa peke yake sakafuni. Ikiwa inahama yote kwa pamoja, kukata ni dakika 240, cherehani 891, ovaloki 360, matundu 960, ukaguzi 720, pasi na kufunga 600. Jumla 3,771, yaani zaidi ya siku 8 za dakika 450. Oda ile ile, watu wale wale, kasi ile ile, ila mashati yanahama kumi kumi: fundi akimaliza kumi yake anayaachia yaende wakati yeye anachukua mengine. Hapo kinachoamua ni kituo cha polepole, dakika zake 960, ukiongeza kukata, fungu la kwanza kufika pale, na fungu la mwisho kutoka. Inakuja kama siku 3 na nusu. Hakuna aliyeharakishwa.

Sikuambii ukate kumi kumi, tafadhali. Kukata kwa tabaka kunaokoa kitambaa na muda wa kutandika, na mkataji wako atakucheka. Kata kwa wingi, funga kwa saizi mafungu ya kumi, halafu toa rafuni kwa kiasi. Weka kikomo: mbele ya kituo chochote yasikae zaidi ya mafungu matatu, manne mbele ya matundu kwa vile pale hapatakiwi kukosa kazi. Yakijaa, anayeleta asimame asaidie mbele, asiongeze. Hili ndilo gumu kwa msimamizi wa Kitanzania kuliko hesabu zote, kwa sababu utamwona fundi hajashona kwa dakika ishirini na moyo utakuuma. Vumilia. Shati alilokuwa anashona lingeenda kulala.

Na kuna gharama zake. Mafungu mengi yanamaanisha vikaratasi vingi. Nimeona fungu limefungwa kwa utepe wa kitambaa chenyewe, kikaratasi cha saizi kimeandikwa kwa kalamu na kuchomekwa tu. Kinadondoka njiani, na dada wa pasi anaishia kuchukua futi kamba na kupima kola moja moja kujua lipi ni la 32 na lipi la 34. Kama karakana yako iko hivyo, mafungu madogo yatazidisha vurugu. Shonea kikaratasi cha saizi kwenye kila fungu kwa uzi, au tumia riboni za rangi tofauti, kabla hujabadilisha kitu kingine.

Kuhusu matundu, kabla ya kununua chochote kuna vitu vya bure. Mfundishe fundi wa pili mashine ile ili chakula cha mchana kipishane na mashine isilale. Kila mtu abaki na saa yake ya mapumziko, lakini mashine inapata dakika 60, ambazo ni mashati 15. Bobini zijazwe asubuhi na mtu mwingine. Vifungo vitenganishwe na matundu kama mashine nyingine inaweza kuvishona. Na hamisha ukaguzi: kwa nini shati lenye kola iliyopinda litumie dakika 4 za mashine yenye foleni ndipo ligunduliwe? Kagua kabla ya matundu, kukata nyuzi kubaki mwisho. Ukifanya yote hayo na rundo la pale bado linaongezeka wiki hadi wiki, basi mashine ya kununua ni ya matundu, na utakuwa na namba za kumwonyesha bosi.

Sasa tuje kwenye kuongoza, maana hilo ndilo uliloombwa. Ramani uliyoichora peke yako ofisini haiwezi kubadilisha kitu hata ikiwa sahihi, na nina mashaka na usahihi wake. Kwa mfano, nina hakika umeweka ovaloki kama sanduku moja baada ya cherehani. Sakafuni shati linatoka cherehani, linaenda ovaloki kufungwa ubavu, linarudi cherehani kukunjwa pindo. Ni foleni mbili, na safari ya kwenda na kurudi. Fundi yeyote angekuambia kabla hujamaliza kuchora.

Kwa hiyo anza upya, lakini anzia kwa bosi. Nenda ukamwombe kitu kimoja kikubwa: atamke mwenyewe, mbele ya mafundi, kwamba hakuna atakayepoteza kazi kutokana na zoezi hili. Kama hawezi kutamka, acha ramani. Nasema kweli. Watu hawatakuonyesha dakika zao zilizolala ili uwafukuzie nazo. Na kama kweli anawaza kupunguza watu, hilo lina utaratibu wake katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na kuwapa taarifa na kushauriana nao kwanza. Lisifichwe nyuma ya ramani. Muombe pia awepo siku ya kutembea sakafuni, hata kama ni saa moja tu.

Kisha jua wanavyolipwa. Hukuniandikia, na ni jambo linalobadilisha mengi. Kama mafundi wa cherehani wanalipwa kwa kipande, basi yule anayeshona haraka hujilimbikizia mafungu ya saizi rahisi chini ya meza yake, na hakuna maelezo ya mtiririko yatakayomfanya ayaachie. Ukimwambia aache kushona asaidie vifungo, umemkata mkate. Kubaliana na bosi juu ya malipo ya muda anaosaidia kwingine kabla ya kuomba msaada huo. Halafu waonyeshe upande wa pili: zile siku kitambaa hakijafika na wamekaa wanapiga soga, hela zao ndizo zimepotea. Ukiiweka hivyo, utashangaa ni nani ataanza kuzitaja sababu za kuchelewa.

Chagua watu watano: mkataji, fundi wa cherehani anayesikilizwa na wenzake (hata kama ndiye mbishi kuliko wote, hasa huyo), wa matundu, wa pasi, na karani wa oda. Chagueni bidhaa moja, shati, acheni sketi na kaptula. Tembeeni kuanzia mlango wa kutolea mzigo mkirudi nyuma mpaka kwenye simu ya karani. Kurudi nyuma kunasaidia kwa sababu kila kituo unauliza, "Hii imekufikiaje, na umejuaje ufanye hii badala ya ile?" Jibu la swali hilo la pili ndilo taarifa, na mara nyingi ni "bosi kapita kasema." Chora kwa penseli kwenye karatasi kubwa, ufutio uwepo. Kila kituo andika watu, dakika, muda wa kubadilisha kutoka kazi moja kwenda nyingine, idadi ya mashati yanayosubiri, na katika kila kumi yanayofika ni mangapi yako sawa bila kurekebishwa. Umeme ukikatika andika pembeni muda na kituo. Usiuchanganye na dakika za kazi. Na simu ya kupimia muda aishike fundi mwenyewe. Anayejipima haogopi.

Wakishaiona, usikimbilie kuwapa suluhisho unalolijua, hata hili nililokupa mimi. Waulize tu shati linalala wapi zaidi. Chagueni mabadiliko mawili, kila moja liwe na jina la mtu na tarehe, na ukutani badala ya ile ramani nzuri weka namba tatu za kila wiki: siku tangu oda mpaka kuchukuliwa, mashati yaliyo njiani, na yaliyorudiwa.

Njia nyingine ambayo bosi huenda akaitaka ni kuongeza saa. Kwa wiki chache za msimu inafaa, lakini sheria niliyoitaja inataka wiki ya kawaida isizidi saa 45, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Tena ukiongeza saa za cherehani huku matundu yakibaki yalivyo, umelipa ziada ili kukuza rundo. Njia ya tatu ni kushona akiba wakati wa utulivu. Nimesema kuzalisha kupita mahitaji ni upotevu, na bado nitakuambia hii ina maana kwako kwa mashati meupe yasiyo na nembo, kwa vile shule za msingi za serikali zinavaa shati jeupe na mteja wake utampata tu Januari. Iwe akiba ya makusudi, yenye idadi iliyoandikwa. Usiguse rangi za shule binafsi. Wakibadilisha sare au wakihama fundi, utabaki nazo.

Kuna hali ambazo barua yangu haitoshi. Ukishapunguza mafungu na siku zisishuke baada ya miezi miwili, mtu mwenye uzoefu aje asimame sakafuni. Anzia ofisi ya Kilimanjaro ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, na uwaulize pia kuhusu kitengo cha Kaizen (njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo) cha Wizara ya Viwanda na Biashara, kilichotokana na ushirikiano na Japani ulioanza mwaka 2013. Wamefanya kazi na viwanda vidogo kwa vikubwa. Ukitaka kuhamisha mashine za umeme au pasi za mvuke, mwite fundi umeme aliyesajiliwa kabla ya kuburuta kitu. Malipo ya kipande yakigusa mikataba, ongea na ofisi ya kazi. Na kama ubishi uko kati ya wenye mali wenyewe, mmoja anataka mashine na mwingine hataki, wewe mwajiriwa usijiweke katikati. Tafuta mtu wa nje aseme namba. Mshauri akikuambia atawafungia hotelini siku mbili mkachore huko, mshukuru na utafute mwingine.

Jambo la mwisho ni wakati. Kama unasoma hii msimu umeshaanza, usipange upya karakana, utaambulia lawama. Fanya ile hesabu ya kila asubuhi, mfundishe mtu wa pili mashine ya matundu, na uhifadhi namba. Kutembea na kuchora kufanyike kazi ikipungua, mkiwa na namba za Desemba na Januari mezani, maana ramani ya mwezi wa tano peke yake itawaonyesha karakana isiyo na foleni.

Ukizipata hesabu za wiki mbili, niandikie, hasa za matundu, na uniambie wanalipwaje.